Kamati za zahanati zisome leja ya dawa

Mhariri,

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zake, na kamati ya usimamizi, yenye wajumbe kutoka kijijini, ina sauti katika matumizi. Tatizo ni kwamba wajumbe wengi husomewa jumla ya fedha tu. Leja ya dawa, yaani daftari la dawa zinazoingia na kutoka stoo, hawaioni.

Humo ndimo upungufu unamojizalisha. Tuseme dozi 300 za dawa mseto ya malaria zimeisha kwa siku 60, kisha rafu ikakaa tupu siku 30. Anayeandaa oda akigawa 300 kwa miezi mitatu anapata 100 kwa mwezi, wakati mahitaji halisi ni 150. Oda mpya inazaliwa pungufu, na asiye na nauli ya kwenda duka la dawa mjini ndiye anayeumia.

Halmashauri ziagize kila kikao cha kamati kianzie stoo: wajumbe wachague dawa tano, wahesabu maboksi, walinganishe na salio la leja, na siku ambazo dawa haikuwepo ziandikwe. Bohari ya Dawa ikikosa, oda iende mapema kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi mwenye mkataba wa kuuzia vituo dawa ambazo Bohari haina, si baada ya rafu kukauka. Gharama yake ni kalamu.

Wafamasia wawili,
Singida