Wakopti nao walisimama Tahrir

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vuguvugu la Misri la 2011 iliwataja Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, kwa sentensi moja tu. Hawa ndio walioshikana mikono uwanjani Tahrir, Cairo, kuwakinga Waislamu waliokuwa wakiswali. Walitarajia usawa, hasa katika kujenga makanisa, jambo lililobanwa tangu amri ya 1856 ya Waosmani, dola ya Kituruki iliyotawala Misri enzi hizo. Oktoba 2011, zaidi ya 20 waliuawa Maspero, penye jengo la televisheni ya taifa jijini Cairo, wakiandamana kupinga kushambuliwa kwa kanisa.

Sheria ya makanisa ilipatikana 2016, lakini kibali kingali mikononi mwa gavana, na misikiti ina utaratibu wake. Bunge la Misri lipitishe sheria moja kwa nyumba zote za ibada, kama waandamanaji walivyodai.

Msomaji wenu,
Mombasa