Barua kwa mpwa wangu aliyesema ni damu

Mpwa wangu,

Juzi msibani Kibaigwa ulisema, watu wakikusikiliza, kwamba Mmasai na mkulima hawatapatana kamwe kwa kuwa uhasama umo ndani ya damu. Nilinyamaza kwa heshima ya wafiwa.

Unajua nililima wilayani Kiteto, mkoani Manyara, misimu minne. Shamba nilipimiwa kwa hatua za miguu, nikatoa fedha bila stakabadhi, na mwaka uliofuata nikaambiwa kuwa pale pametengwa kwa malisho. Asubuhi moja nilikuta mahindi yaliyoanza kubeba yameliwa, yamebaki mabua, na kinyesi cha ng'ombe bado kinafuka mvuke. Hata hivyo mzee mwenye ng'ombe naye alikuwa na hoja: njia yake ya kwenda majini ilikatiza shambani kwangu. Januari 2014, watu walipouawa wilayani humo, ugomvi ulioanzia kwenye mipaka ulikuwa umekwisha kuvikwa majina ya makabila, na hakuna aliyeuliza tena ni nani aliyewauzia watu ardhi ya malisho.

Kama tofauti za mila zingekuwa ndizo chanzo, Rwanda ingesalimika, kwa maana Wahutu na Watutsi wanazungumza Kinyarwanda kilekile na kusali pamoja. Wabelgiji ndio walioandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, huku wakiwapendelea Watutsi katika vyeo na elimu. Mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyohiyo vikawa vinakaguliwa vizuizini ili ijulikane nani auawe. Tena mauaji yale yaliandaliwa na watu waliohofia kunyang'anywa madaraka, na redio ya RTLM ilikuwa imeanza kuchochea chuki tangu 1993. Kenya nako, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, walikufa zaidi ya watu 1,000, na kule Bonde la Ufa kura ziliamsha madai ya ardhi ya tangu ukoloni.

Sisi Watanzania wenye makabila zaidi ya 120 tumenusurika kwa sehemu kwa sababu hakuna kabila lililo kubwa kiasi cha kutawala peke yake, utemi, yaani utawala wa machifu, ulifutwa 1963, na Kiswahili hakina mwenyewe. Si kwamba damu yetu ni bora kuliko ya wengine.

Yule mzee hununua mahindi kwangu hadi leo. Mwezi uliopita tulizozana juu ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, tukaishia kucheka. Shauri letu la mpaka, hata hivyo, limeahirishwa mara tatu, na bikoni, ile alama ya mpaka, haijawekwa.

Mjomba wako