Masaa ya ndege hayaishi kama gesi ya jikoni

Mhariri, assalaam aleykum. Naomba nafasi kidogo, nina langu kuhusu hizi ndege ndogo zinazotupeleka Pemba, kampuni siitaji maana sitafuti ugomvi na mtu.

Mwaka 2024 Eid el Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili. Mie nikakata tiketi ya jioni ya tarehe 9, nikaenda kiwanjani na begi la nguo za watoto wa dada yangu, begi likapimwa, na mie nikapandishwa mizani mbele za watu kilo zangu zikasomwa kwa sauti (hilo nshazoea, hizi ndege ndogo za Caravan bila kujua uzito haziruki). Tukakaa. Mara tukaambiwa ndege ina hitilafu kidogo subirini, tukasubiri mpaka adhana, nikafuturu kwa tende tatu za bibi mmoja wa Wete niliyekaa naye, ndo wanakuja kutwambia safari hakuna. Kijana mmoja wa kaunta nikambana pembeni, akanambia mama si hitilafu, ndege imemaliza masaa.

Sasa mie nina mtoto wa ndugu yangu ni fundi wa ndege, kampuni nyengine kabisa, nikamuuliza kumaliza masaa ndo nini. Akacheka. Akanambia khalati, ndege inahesabiwa kila saa inayoruka na kila inapotua, vinaandikwa kwenye kitabu, ikifika idadi iliyopangwa, iwe masaa 100 au 200 kufuatana na programu ya kampuni, hairuki tena na abiria mpaka ikaguliwe. Injini ya Caravan nayo ikifika masaa 3,600 kwa kawaida inatolewa inafunguliwa yote, na hiyo ni laki kadhaa za dola, kazi yenyewe haifanywi hapa kwetu. Na safari zetu ndo mbaya zaidi, akasema, nusu saa Pemba, dakika ishirini Dar, kutwa injini inawashwa inazimwa, tairi na breki zinaliwa, bado chumvi ya bahari. Siku moja alinionesha jioni wanavyoiosha injini, wanaipitishia maji safi kwa ndani inatema, kumbe ile chumvi ikiachwa inakula vile vipande vya ndani.

Kwa hiyo gharama naijua, na wala sisemi ndege iruke ikiwa imefika kikomo, Mungu apishe mbali. Hata ATCL, shirika la ndege la serikali, mwaka 2022 zile ndege zao za Airbus A220 ziliwekwa chini kwa tatizo la injini, na hilo lilitoka kwa mtengenezaji, ungemlaumu vipi mtu. Kifaa kikikatika ghafla mie nakaa kimya nasubiri.

Lakini masaa! Masaa hayaishi ghafla kama gesi ya jikoni, wiki mbili kabla mtu anafungua kitabu anaona yamebaki mangapi, na yeye mwenyewe ndo kaongeza safari za Eid, kwa hiyo anajua yatakwisha haraka zaidi, na bado anauza tiketi mpaka siti ya mwisho. Nilipomuuliza yule mtoto kwa nini hawakuwa na ndege ya akiba akasema masika wageni hawapo, mahoteli mengi yamefungwa, ndo wakati kampuni zinapeleka ndege kwenye matengenezo makubwa, zinabaki chache. Hesabu nzuri kwa mtalii, lakini sisi mwaka ule Eid ilikuwa ndani ya masika hiyohiyo, na mwaka uliotangulia vilevile, na kalenda ya Eid mbona inajulikana.

Ninaloomba, ukaguzi uishe kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, na kama ndege haitoshi tiketi zisiuzwe, tutapanda boti mapema. Na mkishindwa semeni kweli saa ileile, sio "hitilafu kidogo" mpaka magharibi boti zote zishaondoka.

Pesa yangu nilirudishiwa, sikatai. Nguo za watoto zilifika Eid pili.

Msafiri wa Chake, Unguja