Mwacheni muuza kahawa agonge vikombe vyake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu filamu fupi za watu wa kawaida wa Dar es Salaam, hizi za dakika mbili tatu ambazo vijana wanarekodi kwa simu na kuzirusha mitandaoni. Leo fundi viatu wa Gerezani, kesho mama lishe wa Buguruni, keshokutwa mzee wa duka la vitambaa Kisutu. Kazi ni njema. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wetu tunabanana kwenye mwendokasi bila kujua aliyeshika bomba pembeni yetu anaishije. Ila nyingi ya filamu hizo zina ugonjwa mmoja: zimefunikwa muziki tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho.

Dar ni jiji linalojitangaza kwa mlio. Muuza kahawa hugonganisha vikombe mkononi. Fundi nguo wa kutembea, cherehani begani, huchezesha mkasi. Anayepaka watu rangi za kucha hugonga chupa zake, muuza sigara na pipi hutikisa sarafu kiganjani, na mng'arisha viatu hupiga boksi kwa mgongo wa brashi. Mtu aliyejifungia ndani Kariakoo, pazia limeshushwa, anajua nani anapita na kama kuna haja ya kumwita. Mmakonde, Mpemba, Mchaga na Mhindi wa ghorofa ya tatu wote wanaielewa milio hiyo, na hakuna aliyekaa darasani kuisoma. Halafu anakuja mtu na simu, anamrekodi muuza kahawa, akifika kwenye kuhariri anafuta sauti yote na kupachika piano ya bure. Kinachobaki ni mwanamume anayetembea na birika.

Sababu kwa kawaida si ladha, ni aibu: sauti waliyoipata haifai. Maiki ya simu iliyo mita mbili kutoka kwa msemaji hupokea jenereta la duka la jirani kwanza, bodaboda baadaye, na msemaji mwisho. Muziki unakuja kuficha uchafu.

Dawa yake ni kurekodi sauti kabla ya picha, na kwa siku tofauti ikiwezekana. Mazungumzo ya dakika 30 hadi 40, bila kamera, katika chumba chenye godoro, mapazia au marobota ya nguo, maana vitu laini hunywa mwangwi. Stoo ya muuza mitumba ni studio nzuri kuliko ofisi yenye vigae. Maiki ndogo ya kubana iwe shubiri moja chini ya kidevu. Kanga na kanzu za pamba hazisumbui, lakini baibui na mitandio ya nailoni husugua maiki kila mtu anapogeuza shingo, na mkwaruzo ule hautoki tena kwenye kuhariri. Ibane juu ya nguo, si chini yake, na uishike kwa utepe wa gundi. Zima pangaboi. Zima friji pia, na uweke funguo zako ndani yake, usije ukaondoka ukamwachia mama lishe samaki wameoza.

Redio ya jirani ndiyo adui mkubwa. Jenereta linaunguruma vilevile muda wote, kwa hiyo ukikata sentensi katikati hakuna atakayegundua. Wimbo ukikatwa unaruka, na kila anayesikiliza anashtuka. Juu ya hapo, mitandao huutambua wimbo wenye hakimiliki na inaweza kuzima sauti ya filamu nzima. Nenda kwa mwenye duka, msalimie, nunua soda, umwombe robo saa. Adhana ni habari nyingine. Misikiti ya Kariakoo na Kisutu haianzi kwa pamoja, na dakika kadhaa zinaweza kupita kabla ya wa mwisho kumaliza. Usishindane nayo. Nyamazeni wote, rekodi adhana yenyewe, nayo itakusaidia kuonyesha ni saa ngapi bila kuandika chochote kwenye kioo.

Mazungumzo yakiisha, kila mtu akae kimya sekunde 60 huku maiki ikiendelea kurekodi. Kimya cha mahali hapo ndicho kitakachoziba nyufa kati ya sentensi ulizokata. Ukikisahau, filamu itasikika kama redio inayopoteza stesheni.

Mlio wa kazi nao unarekodiwa peke yake. Vikombe vya kahawa vinadanganya: mlio wa kaure ni mfupi na mkali, mita ya sauti huchelewa kuuonyesha, na ukija kusikiliza nyumbani unakuta umepasuka. Shusha kiwango mpaka sauti ya juu kabisa isivuke alama ya desibeli -12 kwenye mita hiyo. Chukua mara tatu: karibu, kama nusu mita, kutoka hatua kumi, na kutoka ndani ya nyumba, dirisha wazi, yeye akipita nje. Hiyo ya tatu ndiyo inayofungua filamu vizuri, kwa sababu ndivyo jiji linavyomsikia.

Kuhusu maswali. Waandaaji wengi huanza na "wewe ni kabila gani?" au "kwenu wapi?", wakidhani ndio mlango wa kuonyesha mchanganyiko wa jiji. Mji huu ulishagawanywa mara moja kwa maswali ya namna hiyo: Wajerumani waliuweka katika mafungu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Wahindi na Waafrika. Mzee aliyezaliwa Kisutu, na baba yake akazaliwa Kisutu, akiulizwa ametoka wapi atajibu kwa adabu, kisha atafunga moyo. Muulize nani alimfundisha kazi. Muulize kahawa anaitwanga wapi, karanga za kashata anazipata kwa nani, chombo alichokishika kilikuwa cha nani kabla yake. Asili itajitokeza humo humo, ikiwa na majina ya vijiji na jamaa.

Na uliza kwa namna itakayoleta sentensi kamili, maana sauti yako itakatwa. "Ulianza lini?" hujibiwa "Tisini na sita," neno lisilo na kichwa wala miguu. "Nieleze siku ya kwanza ulipotoka na birika" huleta hadithi. Anayesema taratibu hutoa kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo filamu ya dakika tatu yenye nafasi ya kupumua haibebi zaidi ya 250. Dakika 40 zote zinaishia hapo.

Picha zije siku ya pili, ameshakuzoea. Kila picha ishikilie sekunde kumi bila kutikisika, mikono kwanza, uso baadaye. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita husimama utosini na kuyageuza macho kuwa mashimo. Rekodi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mtu mweusi akiwa kivulini na barabara inawaka nyuma yake, simu hupima barabara na uso unapotea, kisha watu wanasema eti kamera haipendi ngozi yetu. Mgeuze, nyuma yake kuwe na ukuta wenye kivuli, gusa uso kwenye kioo na ushikilie mpaka kipimo cha mwanga kifunge. Chini ya turubai la bluu kila uso huonekana wa mgonjwa, sogeeni ukingoni. Ndani ya maduka yenye taa za mirija, mistari inayopanda na kushuka hutokea kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde ilhali simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Weka 25, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, mistari itatoweka.

Kuna mambo ambayo picha nzuri haiyasamehe. Kibandiko cha lipa namba ukutani, chenye jina kamili la mwenye biashara, huwapa matapeli pa kuanzia. Machinga aliyepanga bidhaa mahali pasiporuhusiwa usionyeshe kibao cha mtaa wala duka linalotambulika nyuma yake, kwani mgambo nao wana simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika kwa sura na sauti pia. Idhini isiwe karatasi tu. Irekodi kwa sauti, yeye mwenyewe akitaja filamu itaonyeshwa wapi, kisha mwonyeshe kazi iliyokamilika kabla haijatoka. Akisema ondoa, ondoa. Suala la malipo lina ubishi, lakini saa mbili za biashara alizokupa zina bei, na bei hiyo anaijua.

Maandishi ya chini yasizidi mistari miwili. Maneno yetu ni marefu; "walivyomshughulikia" peke yake linakula nusu ya mstari, kwa hiyo yaache kwenye kioo angalau sekunde tatu. Anayezungumza Kigujarati nyumbani aongee Kigujarati, tafsiri iwe chini. Na anayesema Kiswahili cha Kigoma au cha Mtwara usimsafishe kwenye maandishi. Msikilizaji anasikia neno moja na kusoma jingine, naye mwenyewe ataona umemsahihisha mbele ya watu.

Kabla ya kuirusha, ichezeni kwenye simu ya bei nafuu, spika yake yenyewe, mkiwa mmesimama kando ya barabara ya Msimbazi saa kumi jioni. Vikombe visiposikika, rudini mezani.

Mhariri wa sauti na picha,
Ilala, Dar es Salaam