Kaktasi zisizo na miba: tusiziue kwa maji, tusinunue zilizochimbwa porini

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumzie hizi kaktasi zisizo na miba zinazouzwa sana mitandaoni siku hizi, vile vya duara vilivyobonyea kama andazi. Watu wananunua kwa bei kubwa, masika moja tu ikipita kimeoza, halafu wanasema mmea mgumu. Jamani si mgumu, tunaudekeza mno.

Chukua Astrophytum asterias. Kwao ni kusini mwa Texas na kaskazini mashariki mwa Mexico, huko unaota chini ya vichaka kwenye nusu kivuli, na ukame ukikaza unasinyaa mpaka unalingana na ardhi, unaweza kuukanyaga usijue. Mbavu zake kwa kawaida ni nane, una madoa meupe, na katikati ya kila ubavu kuna mstari wa vijipamba pale ambapo kaktasi nyingine zingekuwa na miba. Ua lake ni la njano na ndani lina wekundu, zuri kweli. Sasa mmea wa maisha hayo wewe unaupanda kwenye udongo mweusi wenye samadi halafu unaumwagilia kila Jumamosi, utapona vipi?

Udongo ndo kila kitu. Mi natumia mawe madogo madogo, mchanga wa mtoni uliooshwa na yale mawe mepesi ya volkano (sisi wa Arusha hayatusumbui kupata), udongo wenyewe hauzidi theluthi. Wa Pwani msichukue mchanga wa baharini, una chumvi. Chungu kiwe cha udongo wa kufinyanga, kiwe na tundu chini, na kama ni Ariocarpus (kaktasi nyingine isiyo na miba) kiwe kirefu mana mzizi wake ni mnene unashuka chini na ndo ghala lake la maji.

Maji usihesabu siku. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini ya chungu, kikitoka kikavu kabisa ndo umwagilie mpaka maji yatokee kwenye tundu, halafu achana nao. Huku kwetu Juni mpaka Agosti kuna baridi, karibu sigusi kopo la maji kabisa, na masika vyungu vinakaa chini ya paa penye mwanga na upepo. Ukiona umesinyaa lakini ukibonyeza ni mgumu, hiyo ni kiu tu, ila ukiwa laini na wa kahawia pale chini kwenye shina basi umeanza kuoza na maji yatauharakisha. Na usiutoe sebuleni ukauanika jua la saa saba siku hiyo hiyo, utaungua na lile kovu halifutiki, uzoeshe taratibu.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni mbegu. Mbegu mbichi za asterias zinaota ndani ya siku chache tu, unafunika na nailoni unyevu usitoke, halafu ndo subira inaanza, mana miezi inapita na mche bado ni punje. Kutoa ua ni miaka kadhaa, Ariocarpus inaweza kufika kumi. Ukitaka mbegu zako mwenyewe uwe na asterias mbili, moja haijizalishi. Kwa sababu ya huu upolepole wapo watu huko Marekani na Mexico wanaochimba mimea mikubwa porini na kuiuza, wakati asterias iliwekwa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini Marekani tangu 1993, na yenyewe pamoja na Ariocarpus zote zipo Kiambatisho cha Kwanza (orodha yenye masharti makali zaidi) cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Kwahiyo ukiona mmea mkubwa, una makovu, chini umekuwa kama gome, mizizi imekatwa, na muuzaji hana maelezo, mimi nasema usinunue hata ukipunguziwa bei. Bora mche mdogo wa mbegu uukuze mwenyewe, unaujua tangu utotoni.

Ombi langu kwenu wa ukurasa wa nyumba na bustani, mkija kuandika habari za wauzaji wa kaktasi adimu muwaulize mmea umetoka kwenye mbegu au umechimbwa, na kama umetoka nje ya nchi kibali kiko wapi, halafu majibu yao myachape sisi wasomaji tuyaone.

Mpenda mimea, Arusha