Vidonge vya tezi: ulizeni kwanza vimetokana na nini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wagonjwa wa tezi ya shingo, hasa waliokatwa rovu na wale ambao tezi yao haitoi tena homoni ya kutosha. Wapo wanaoletewa na jamaa zao kutoka Marekani makopo ya vidonge vya tezi ya asili, wakaambiwa waachane na levothairoksini, yaani homoni ya tezi inayotolewa hospitali, kwa kuwa ile ni kemikali.

Hiyo ya asili ni tezi ya nguruwe. Huchukuliwa machinjioni, hukaushwa, husagwa, na unga wake hugandamizwa kuwa vidonge. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Tanga, mgonjwa ana haki ya kuambiwa hilo kabla hajameza. Hukumu tunawaachia mashehe. Anayekwenda kuwauliza asisahau kuwaeleza kwamba mbadala upo, na ndio huo huo unaoandikwa hospitali kila siku. Levothairoksini hutengenezwa maabara, si kwa tezi ya mnyama yeyote. Ikiwa imekuja kwa kapsuli badala ya kidonge, hapo uliza habari ya jelatini ya ganda lake, maana nayo yaweza kuwa ya mnyama.

Dawa ya mnyama ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa kwa maji ya tezi ya kondoo, na kwa miaka mingi hapakuwa na njia nyingine. Mwaka 1927 wanasayansi Harington na Barger wakafanikiwa kuiunda thairoksini maabara. Levothairoksini ya leo ni thairoksini, kwa kifupi T4, homoni ile ile inayotoka kwenye shingo ya binadamu, na mwili hauna namna ya kuitofautisha. Kwa hiyo ubishi wa kemikali na asili haumsaidii mgonjwa. Kinachomhusu ni kiasi gani cha homoni kinaingia mwilini, na kwa kasi gani.

Kidonge cha nguruwe cha miligramu 60 huwa na takriban maikrogramu 38 za T4 na 9 za T3, homoni ya pili ya tezi, yaani nne kwa moja. Tezi ya binadamu hutoa kama kumi na nne kwa moja. T3 ndiyo kali, na hupanda kwenye damu saa chache tu baada ya kumeza: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi haupatikani. Ikizidi kwa muda mrefu, mapigo ya moyo huvurugika na mifupa hupungua uzito. T4 ni taratibu. Nusu yake hubaki mwilini kwa muda wa wiki nzima, na mwili wenyewe huigeuza kuwa T3 kadiri unavyohitaji.

Tusiwapunje wanaoipenda hiyo ya nguruwe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa wagonjwa 70 dawa zote mbili kwa zamu. Karibu nusu yao waliichagua ya nguruwe, na walipungua uzito kidogo, kama kilo moja na nusu, ingawa kwa dalili na vipimo vya akili hapakuonekana tofauti ya maana. Anayemeza levothairoksini, TSH yake (kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha) ni nzuri, na bado amechoka, asidharauliwe. Apimwe damu kama imepungua, vitamini B12, sukari, aulizwe na usingizi wake. Yote yakiwa sawa, daktari bingwa wa homoni anaweza kumjaribishia T3 ya maabara kidogo juu ya T4.

Mara nyingi, lakini, kosa si la dawa. Ni la chai. Kidonge kikimezwa pamoja na chai ya maziwa na mihogo, sehemu yake huishia tumboni bila kuingia kwenye damu. Kimeze kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo ule. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nacho kwa saa nne. Mwezi wa Ramadhani, kimeze wakati wa kulala ikiwa saa tatu zimepita tangu ulipokula mara ya mwisho. Anayetafunatafuna mpaka usiku wa manane, bora aamke mapema akimeze saa nzima kabla ya daku.

Joto nalo huiua levothairoksini. Maboksi mengi huandikwa iwekwe chini ya nyuzi 25, na Tanga ya Februari hizo nyuzi 25 chumbani huzipati. Usiiweke juu ya friji, dirishani wala kwenye gari. Iache ndani ya karatasi yake ya bati, usiihamishie kwenye bahasha, na nunua ya mwezi mmoja au miwili, si ya mwaka.

Soma kipimo kwa makini. Miligramu 0.1 ni maikrogramu 100, na 0.05 ni 50. Miligramu 60 za unga wa nguruwe si maikrogramu 60 za levothairoksini. Hukadiriwa kuwa sawa na maikrogramu 88 hadi 100. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mwenye kilo 60 huangukia karibu na 100. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa na 12.5 au 25.

Unga wa mwani unaouzwa kama dawa ya tezi haurudishi homoni kwa aliyekatwa tezi, na kwa ambaye bado anayo, iodini nyingi iliyomo kwenye mwani yaweza kuiharibu tezi zaidi.

Mjamzito asitumie ya nguruwe. Ubongo wa mtoto aliye tumboni hutegemea T4 ya mama, na humo ni kidogo. Aliye kwenye levothairoksini, akijua tu ana mimba aende kliniki siku hizo hizo. Kwa kawaida huongezewa vidonge viwili kwa wiki, tisa badala ya saba, na TSH hupimwa kila wiki nne hadi katikati ya ujauzito.

Anayetaka kubadili kutoka ya nguruwe apangiwe kipimo na daktari, leo ameze ya zamani, kesho aanze mpya. Wiki za mwanzo anaweza kujihisi mzito kwa kuwa T3 imeshuka. Asijiongezee dozi. Apime TSH baada ya wiki sita hadi nane, damu itolewe asubuhi kabla hajameza kidonge cha siku hiyo.

Wafamasia,
Ngamiani, Tanga