Mijusi wa majanini wana aina zao, tusiwachome

Mhariri,

Wiki iliyopita niliwaita vijana watatu wanisaidie kufagia chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kuanguka. Sijakaa vizuri nikasikia, "Mzee, nyoka!" Nilipofika, jembe lilikuwa limeshafanya kazi yake. Palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, chembamba kama kalamu, na pembeni yake kipande cha mkia kikifurukuta peke yake kwenye vumbi. Kile kipande ndicho kilichonifanya niiname, maana mjusi akibanwa huuacha mkia wake ukicheza ili yeye apate kukimbia. Nikamgeuza chali. Magamba ya tumboni yalikuwa madogo sawa na ya mgongoni, wala hayakuwa yale mapana yaliyopangana kama vidato vya ngazi ambayo nyoka wetu wengi hutambalia. Alikuwa mjusi, asiye na mguu hata mmoja.

Vijana hawakuniamini, na siwalaumu. Kinyonga tumempa jina lake, kenge lake, guruguru lake, na yule wa ukutani usiku tunamwita mjusi kafiri. Baadhi ya watu wa pwani humwita mjusi-islamu yule laini mwenye mistari anayeota jua barazani. Lakini hawa wadogo wanaoishi kwenye majani makavu na ndani ya udongo tumewatupia wote neno moja, mjusi, basi. Na asiye na miguu anaitwa nyoka na kufa kama nyoka.

Naomba siku moja msomaji wako akae nusu saa chini ya mkorosho ambao haujafagiwa, atulie tu. Atasikia kwanza mchakacho mwembamba, kama mtu anakunja karatasi. Kisha atatokea mjusi wa rangi ya shaba, mwembamba, urefu wake kama kidole cha mkono. Akitazamwa kwa karibu haonekani kupepesa macho, kwa sababu kope zake zimeungana na kuwa kama kioo kinacholinda jicho. Miguu yake ni midogo mno, kwa hiyo akiwa na haraka anaikunja ubavuni na kuteleza kwa kiwiliwili. Ukifukua mchanga au gogo lililooza utakuta mwingine, mnene, amenyooka kama soseji, vijiguu vyake vifupi kana kwamba viliongezwa mwishoni. Huyu hakimbii juu ya mchanga, anauzamia. Ukishuka chini zaidi ndipo unapowakuta wale ambao miguu imekwisha kabisa. Wote ni ukoo mmoja, na ukiwapanga hivyo, kutoka juu ya majani hadi ndani ya udongo, unaiona miguu ikipungua kadiri mjusi anavyohamia chini. Mimi sijaona somo la maumbile lililo wazi kuliko hilo, na liko chini ya mti wangu.

Hata uzazi wao haufanani. Yule mwenye mistari anayependa kuta na magogo huzaa watoto hai. Mwenzake mwenye midomo yenye madoa, anayefanana naye kwa umbo, hutaga mayai.

Mkoa wetu wa Lindi una haki ya kujivuna hapa. Mwaka 1942 mtaalamu wa wanyama watambaao, Arthur Loveridge, alimwelezea kisayansi mjusi asiye na miguu wa nyanda za juu za Rondo, na jina lake la kisayansi likabeba jina la Rondo: Melanoseps rondoensis. Mwaka 1995 mtaalamu mwenzake, Donald Broadley, akamwelezea mwingine wa msitu wa Litipo, Scolecoseps litipoensis. Msitu ule ni mdogo, na umezungukwa na mashamba kama langu. Watu wa Pemba nao wana wao, Mochlus pembanus, ambaye jina lake limetokana na kisiwa chao. Kwenye miamba ya matumbawe ya pwani yetu kuna mdogo mweusi anayewinda kando ya mawimbi na kuingia kwenye vidimbwi maji yanapokupwa. Ndugu zake wako Madagaska, Australia na visiwa vya Pasifiki. Dunia nzima ukoo huu una aina zaidi ya 1,700, na hata Marekani wana wao wadogo wa rangi ya shaba wanaokimbia kwenye majani makavu ya misitu, maisha yale yale ya huyu wa chini ya mkorosho wangu.

Na hakuna hata mmoja kati yao mwenye sumu. Hili naomba ulichapishe kwa herufi nene, kwa sababu nimeona mtoto akichapwa kwa kumshika mmoja.

Sasa nije kwenye moto. Sisemi tusifagie. Korosho ikianguka kwenye majani huioni, na mkulima hawezi kupoteza mavuno yake kwa ajili ya mjusi. Ninachokilalamikia ni kufagia kisha kuchoma palepale. Majani yakiwaka, kilichojificha ndani yake hakina pa kwenda, kwa kuwa hawa si wanyama wa kukimbia mbali. Maisha yao yote yako kwenye eneo dogo lenye unyevu na kivuli. Chakula chao ni mchwa, buibui na wadudu wadogo wa aina nyingi. Zamani tuliwapulizia dawa wale sisimizi waitwao majimoto kwa sababu wanang'ata, hadi tulipoelezwa kwamba ndio wanaotulindia mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho, wadudu wanaoifyonza. Tulibadilika, na kwa mijusi tunaweza kubadilika pia. Majani yakisogezwa kando yakaachwa yaoze, shamba linapata mboji na mjusi anabaki na nyumba.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Kurasa zenu za wanyamapori zimejaa tembo na simba, nami nawapenda. Lakini mkulima wa huku hakutani na simba akiwa na reki mkononi. Chapisheni picha ya mjusi asiye na miguu karibu na picha ya nyoka, tumbo kwa tumbo, ili watu waone tofauti ya magamba. Mngeitoa mwezi wa nane, kabla hatujaanza kufagia, ningeibandika kwenye mti ambao vibarua hupumzikia.

Mwaka huu mistari miwili ya mikorosho yangu ya upande wa bondeni haitachomwa. Majani yake tumeyalundika pembeni, na jana jioni yalikuwa yanachakacha.

Mkulima wa korosho,
Lindi